Lita Sifuri Chini ya Bwawa

Jumatatu, 15 Januari 2001

Leo nimepewa mto Nderenyi. Kibali cha lile bwawa la umeme kinaisha mwezi wa tatu. Miaka thelathini imetimia, na kampuni mpya iliyolinunua inaomba thelathini mingine. Safari hii lazima kwanza ichunguzwe bwawa limefanya nini kwa mto na kwa watu. Mtaalamu mshauri ametoka Dar, anaitwa Kornel, kavaa viatu vyeupe – viatu vyeupe, vumbi hili! Ofisi yetu ya maji inatoa mpimaji. Mpimaji ni mimi.

Bosi, Bwana Wilbert, aliniita. Dada Digna, wewe si mtu wa huko? Nikamwambia dada yangu Mektrida ameolewa Marawe, chini kidogo ya bwawa. Akasema vizuri, watakupokea.

Miaka kumi na miwili napima mito na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini. Labda sasa. Labda.

Jumatano, 17 Januari 2001

Juu ya bwawa: lita 410 kwa sekunde. Chini ya ukuta: lita 9, zile zinazovuja tu. Maji mengine yote yanaingia kwenye bomba, yanateremka mpaka kwenye mashine za umeme, yanarudishwa mtoni kilomita nne mbele. Na katikati ya hizo kilomita nne ndipo Marawe ilipo.

Pale kivukoni, karibu na kwa Mektrida, nimeingiza mita kwenye maji – maji gani! Propela haikuzunguka hata mara moja. Nimeandika 0. Nikafuta, nikapima tena, nikaandika 0.

Kornel hakushuka kwenye gari. Aliuliza dirishani: eneo hili lina watu? Mbele yake kabisa alikuwa amesimama Mama Violet, jirani wa Mektrida, na ndoo kichwani. Akamjibu: hapana baba, sisi ni migomba. Nimecheka mpaka Jovin, dereva wetu, akanikanyaga mguu.

Jumamosi, 20 Januari 2001

Nimerudi Marawe peke yangu, si kikazi. Mektrida kapika kiburu cha ndizi na maharage, tumekula. Amekonda. Anasema ni jua. Anaamka saa kumi na moja kuwahi maji.

Tulishuka mtoni na Mama Violet. Kimebaki kidimbwi kimoja katikati ya mawe mawili. Wanachota kwa kikombe, mmoja amalize, mwingine aingie. Huko vihambani majani ya migomba yamekauka ncha, kahawa imenyauka. Mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, haujapitisha maji tangu Krismasi.

Mume wa Mama Violet, Mzee Eliufoo, ndiye mwenyekiti wa mfongo. Masikio yamechoka, kwa hiyo anaongea kwa kupiga kelele. Alinionyesha alama ya tope kwenye mwamba, juu kuliko kichwa changu. Nikashangaa, mto mkavu hivi? Akasema kampuni hufungua lango la chini ili kutoa tope bwawani. Hawatoi taarifa. Unasikia mngurumo kama lori la kokoto, unakimbia. Mwaka jana walichukuliwa na maji ng'ombe wawili. Zamani kilikuwepo king'ora, kikaharibika, na tangu bwawa liuzwe hakuna aliyekitengeneza.

Nilipanda kumuuliza mlinzi wa lango. Kasema yeye simu ikilia anafungua. Hajaambiwa amwite mtu.

Mama Violet: andika hayo, mwanangu. Andika na jina langu. Nikamwambia ripoti za namna hii haziweki majina ya watu. Akashangaa. Sasa watajuaje ni nani?

Jumanne, 30 Januari 2001

Nimemaliza sehemu yangu. Kurasa nne. Nimependekeza mambo mawili tu: kiangazi waache lita 60 zipite mtoni, na lango lisifunguliwe bila king'ora na taarifa ya saa mbili kabla. Lita 60! Mashine hazitazijua hata kama zimepungua. Nimepiga hesabu mara tatu.

Kornel kasoma amesimama. Kazi safi sana, dada. Safi sana. Nilirudi nyumbani Kiboriloni kwa miguu, nikanunua parachichi. Nimechoka lakini vizuri.

Alhamisi, 8 Februari 2001

Rasimu imerudi. Kurasa zangu nne zimekuwa aya moja.

“Mto huu kwa asili hupungua maji wakati wa kiangazi.” Kwa asili! Vipimo vyangu vimechanganywa na vya mwezi wa nne na wa tano vya miaka ya nyuma, wakatoa wastani wa mwaka. Wastani wa Marawe ni lita 138. Sifuri yangu imezama humo, huioni. Lita 60 hazipo. King'ora: “suala la usalama litaangaliwa baada ya kibali kutolewa.”

Nilikwenda kwa bosi. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alinivutia kiti. Kasema umeme huo ndio unaosukuma mashine za kahawa, ndio unaowasha wodi za wazazi. Tukiwabana hawa wataondoka, na hakuna mwingine anayelitaka lile bwawa bovu. Unadhani tutazima mji kwa ajili ya kaya arobaini? Nikasema hakuna aliyesema kuzima, nimesema lita 60. Akasema: Dada Digna, mimi nimekuelewa. Tatizo si mimi.

Nikasema sawa, bosi.

Nimesema sawa. Naiandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilipiga meza.

Jumamosi, 17 Februari 2001

Mektrida alipiga simu kutoka parokiani. Wamefungua lango asubuhi. Mama Violet alikuwa kidimbwini.

Ilikuwa zamu yake.

Siwezi kuandika.

Jumanne, 20 Februari 2001

Tumemzika leo. Walimpata Jumapili, kilomita mbili chini, chini ya gogo. Wanawake watatu walikuwa wamekaa juu ya mawe wakisubiri, ndio waliosikia mngurumo. Walimpigia kelele. Alikuwa ameinama, kikombe mkononi. Mektrida alikuwa mmoja wao. Anasema Mama Violet aligeuka akatazama juu kwanza kama mtu aliyeitwa, ndipo akaanza kukimbia. Anairudia hiyo habari kwa kila anayeingia. Nimemwambia apumzike. Hanisikii.

Kampuni ilileta shada la maua. Wakalipokea, wangefanyaje.

Mzee Eliufoo alinishika mkono kaburini. Nikasema shikamoo baba, pole sana baba. Hakuitikia. Akauliza kwa ile sauti yake kubwa, watu wote wakasikia: Digna, uliandika?

Nikasema niliandika, baba.

Akasogeza sikio. Nikarudia kwa nguvu: NILIANDIKA.

Akauliza: walisoma?

Walisoma. Hilo ndilo sikuweza kumpigia kelele. Nikatazama chini, padri akaanza sala.

Ijumaa, 23 Februari 2001

Mkutano wa wananchi, ukumbi wa shule, Kirua Vunjo. Soda na keki. Kornel kaeleza kwa picha ukutani. Mbunifu kweli, kuna picha ya bwawa na ndege weupe. Marawe walikaa nyuma, wamevaa nguo za msiba. Mtu wa kampuni alitoa pole, akasema marehemu alikuwa ndani ya eneo la mto lisiloruhusiwa. Lisiloruhusiwa na nani? Mama mmoja aliuliza hivyo hivyo. Akajibiwa kwamba swali litachukuliwa.

Eliufoo hakuja. Mektrida hakunitazama.

Walipiga kura ya mikono. Waliokaa mbele walinyoosha. Sikuwajua wengi wao.

Jumatatu, 26 Februari 2001

Kila kitu tayari isipokuwa kiambatisho cha vipimo. Kinahitaji saini ya mpimaji. Bosi: takwimu ni zako, saini ni yako, sijaongeza namba hata moja. Ni kweli. Hajaongeza. Amegawanya tu.

Nikasema sitasaini mpaka sifuri iandikwe peke yake, na king'ora kiwekwe kama sharti.

Akanieleza taratibu, kama mwalimu. Usiposaini, tutasema vipimo vina kasoro. Kibali kitasogezwa kidogo, tutatuma mwingine apime upya. Mwezi wa nne.

Mwezi wa nne! Masika. Nderenyi itakuwa inanguruma kutoka ukingo hadi ukingo, mita itazunguka mpaka ikatike. Atapima maji mengi, kwa haki kabisa, na hakutakuwa na hata karatasi moja iliyowahi kusema Marawe palikuwa pakavu. Nikisaini, sifuri inabaki, imezikwa ndani ya wastani, lakini ipo kwenye jedwali la nyuma, ukurasa wa 61, kwa atakayetafuta. Nani atatafuta? Baada ya miaka thelathini nitakuwa nani?

Jumanne, 27 Februari 2001

Nimepanda Marawe kumuuliza Mektrida. Alikuwa anachambua maharage. Nimemweleza yote, kusaini na kutosaini. Kasikiliza mpaka mwisho. Akasema: mimi nachota maji, Digna. Hayo mengine ni yenu.

Kidimbwi kimerudi palepale. Tope limetulia. Wanapanga foleni.

Jumatano ya Majivu, 28 Februari 2001

Sikwenda kazini. Misa ya asubuhi, nikapakwa majivu, nikarudi nyumbani nikafunga mlango. Nilidhani wataniacha leo.

Saa nane gari likasimama nje. Jovin. Naye ana majivu kwenye paji la uso, yamechanganyika na jasho. Ameleta bahasha. Ameona aibu kuitoa, akauliza kwanza habari za Mektrida. Bosi amemwambia asirudi bila karatasi, faili linakwenda Dar jioni hii. Akaniambia: dada, mimi nimetumwa tu. Najua. Nimemkaribisha chai, hakuikataa, lakini haijapungua kikombeni.

Nimefungua bahasha. Ukurasa 61. Jina langu limepigwa chapa vizuri, halafu mstari mtupu.

Nimemwambia asubiri kidogo, natafuta kalamu. Nimeingia chumbani, nimekaa kitandani. Ni kama nusu saa sasa. Namsikia anakohoa sebuleni. Ameuliza mara mbili: dada, umeipata?

Nimemjibu bado.

Ndiyo hii ninayoandikia.