Mzee Kassimu, Serikali Inasema Ulikuwa Kapera

Buyenzi, Bujumbura

Mzee Kassimu,

Nimekasirika nawe. Naanza hivyo ili usije ukadhani nimekuandikia kukuombea tu. Kukuombea nakuombea, kila siku, kwa dini yangu na kwa kusikiliza dua za wenu msikitini hapo kona. Lakini hasira imenikaa kooni miezi sasa, na aliyeisababisha ni wewe, na wewe umelala zako kaburini huna habari. Mtu wa aina gani anaacha dosye, mafaili ya watu mia, zikiwa safi kama sahani za harusi, ya kwake inatia aibu?

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ulikuwa unachukia mtu akianza habari katikati.

Wiki tatu baada ya mazishi yako, ilishuka amri pale wizarani: wafanyakazi wahesabiwe. Wakubwa walisema mishahara imekuwa mzigo, nchi iko vitani, mipaka imefungwa na majirani, hazina haina kitu, kwa hiyo kila jina kwenye orodha lije lisimame kwa miguu yake uani, na kitambulisho mkononi. Asiyekuja anafutwa. Unakumbuka ulivyokuwa unaililia siku hiyo? Miaka yote uliwaambia, waheshimiwa, hesabuni watu kabla ya kuhesabu pesa. Haya, imekuja, na wewe haupo.

Wakanipa mimi meza, kwa kuwa ofisi ya wafanyakazi ilikuwa mimi na wewe, na wewe umeondoka. Siku mbili juani, Mzee. Nikaita majina, watu wakaja, nikaweka alama kwenye fishi zao, zile kadi ngumu za rangi ya udongo ulizokuwa unazifuta vumbi kila Jumatatu. Walikuja hata wagonjwa. Yule dereva wetu mwenye mguu mbaya aliletwa kwa baiskeli. Lakini majina mengine nikaita mpaka sauti ikakauka, kimya. Wengine wamekimbilia Uvira, wengine Kigoma, wengine tunajua walipo na hawatatoka huko. Na kila mwisho wa mwezi mshahara wao ulikuwa unachukuliwa, na sahihi imewekwa! Nani anaweka? Usiniulize mimi, wewe ndiye uliyenifundisha kutouliza kwa sauti.

Direkta, mkubwa wetu, akaja kusimama nyuma yangu. Akaninong'oneza kwamba fulani na fulani niandike wako kazini mikoani. Sikuandika. Akafika kwenye jina lako. Hapo alilegea kidogo, nadhani kweli alikuhurumia, akasema, "Huyu mzee muache kwanza, watoto wapate kula." Na mimi, mjinga wa kujazwa kiburi chako, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Mufu hapati mushahara. Mufu anaacha pension, na pension ni haki." Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika AMEFARIKI, herufi kubwa, nikapigia mstari. Nilijiona mtu mwaminifu sana. Nilifikiri nakupa heshima.

Mwisho wa mwezi mshahara wako haukuja. Sawa, nilitegemea. Nikamwambia Mama Zaina, mkeo, asihangaike, atulie kwenye eda yake, mimi nitakimbilia pensheni. Nikaenda ofisi ya pensheni, pale dirishani, asubuhi na mapema, na cheti chako cha kifo kwenye bahasha. Yule bwana wa dirishani hakuniangalia hata usoni. Akataka cheti cha ndoa cha komini, chenye muhuri wa serikali. Nikasema walioana kwa nikaha, mtaa mzima unajua. Akasema mtaa haulipi pensheni, na atalipa nini kama dosye yenyewe inasema mengine? Mengine gani, nikauliza. Akaniambia nirudi nikasome.

Nikarudi ofisini Rohero kwa miguu, nimechemka. Nikafungua droo. Mzee, miaka minane nimeishi na droo ile na sijawahi kuisoma fishi yako. Siku ya kuhesabu niliandika juu tu, pale penye jina, sikusoma ya chini. Sasa nikasoma. Picha ni kijana mwenye nywele nyingi, sikukujua. Cheo, sawa. Shule, sawa. Hali ya ndoa: kapera. Watoto: hakuna.

Kapera! Wewe! Baba wa Zaina na wadogo zake watano! Nilicheka peke yangu mpaka planto, yule tarishi wetu, akaja kuchungulia mlangoni, halafu nikaibamiza droo ile, na nikikwambia niliitukana usishangae. Si wewe uliyemwandama yule dereva mwaka mzima alete vyeti vya watoto wake saba? Si wewe uliyekwenda Kinama kwa miguu, Kinama ya wakati ule, risasi bado moto, kumtafutia mfagiaji karatasi ya kuzaliwa ya mtoto, ili apate posho ya watoto? Ukarudi na viatu vimejaa matope na unajisifu. Watoto wa watu uliwaandika wote. Wa kwako wanajulikana na nani? Tangu azaliwe Zaina hukuchukua hata senti ya posho yao, na kwako mlikuwa mnakula ndagala, dagaa wa kuhesabu!

Nilipofika nyumbani (bado naishi chumba kile cha uani mlichonipa mimi na binti yangu tulipokimbia Kinama, Mama Zaina hajanidai kodi hata siku moja) nikamwambia yote, bila adabu, nikiwa nimesimama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga yake nyeupe. Nilitaka akasirike na yeye. Hakukasirika. Akasema alijua. Akasema uliajiriwa kabla hamjaoana, na ofisini ulikuwa na sheria yako: karani hagusi fishi yake mwenyewe, mpaka mwenzake amjazie, la sivyo kesho atajiongezea cheo.

Sheria hiyo naijua. Ulinipiga vidole kwa rula siku nilipotaka kusahihisha herufi moja ya jina langu. Lakini miaka yote ile ulikuwa karani peke yako. Mwenzako hakuwepo.

Halafu Mama Zaina akaongeza, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza. Akasema nilipoajiriwa ulirudi nyumbani na furaha, ukamwambia, "Sasa nimepata mwenzangu. Spesi akikomaa kazini atanijazia." Kila mwaka akakuuliza, kila mwaka ukajibu bado kidogo, ana kazi nyingi, naona haya kumuomba.

Haya! Mzee, haya ya nini? Nilikuwa nimekaa mbele yako, meza moja, wino mmoja! Ungesema tu, "We Spesi, chukua hiyo, jaza." Dakika tano. Nilikuwa nakula kwenye sufuria yako na wewe unaona haya kuniomba dakika tano. Na mimi je? Nilijua una mke, nilijua majina ya wanao wote sita na mwenye pumu ni yupi. Nilikuwa karani wa wafanyakazi, na wewe ulikuwa mfanyakazi. Ulipokuwa hai sikuwahi kuwaza kwamba na wewe una fishi. Nililia palepale mbele yake. Badala ya mimi kumfariji mjane, mjane akanifariji mimi. Umeona ulivyotufanya?

Nikuambie na ya ofisini, upate kukasirika na wewe huko uliko. Ile hesabu yote ya kupunguza mzigo wa mishahara imekwishaje? Wamefutwa wafagiaji, wote, kwa kuwa walikuwa wa mkataba. Amefutwa mlinzi wa geti. Dereva mwenye mguu mbaya amestaafishwa. Majina yale ya kimya, mengi yao, yamerudi kwenye orodha, yameandikwa "mikoani", kwa mkono usio wangu. Na pale juu wameongezwa washauri watatu, kila mmoja na gari. Nafasi yako amepewa shemeji wa Direkta. Mshahara wake ni mkubwa kuliko wako wa miaka thelathini. Anakaa kwenye kiti chako, anaita fishi "vikadi". Ofisi sasa tunaifagia wenyewe, zamu kwa zamu, na zamu yake anaumwa mgongo.

Direkta akaniita tena. Akafunga mlango, akaongea kwa upole. Kosa la kalamu linasahihishwa, akasema. Anaweza kukurudisha kwenye orodha ukiwa hai, kazini mikoani, mimi niweke sahihi tu, na mshahara ugawanywe: nusu kwa mjane, nusu "kwa ofisi". Ningependa ujivunie kwamba nilikataa, lakini sikukataa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshakubali nusu moyoni. Dawa za pumu zilikuwa zimekwisha, sukari na mafuta vilikuwa havishikiki bei, na Zaina alikuwa amesharudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

Nikamweleza Mama Zaina. Akaokota uzi kwenye mkeka. Kisha akasema maneno ambayo nikiwa na nywele nyeupe nitayakumbuka: "Niko hapa ndani siku zote hizi, sijipambi, sitoki, majirani wananiletea maji, sababu bwana yangu amekufa. Sasa niseme yuko kazini? Nimekaa eda ya nani, Spesi?"

Basi. Sikuweka sahihi. Kesho yake Direkta alipita mbele yangu bila salamu, mpaka leo hanisalimu.

Eda ilipokwisha tukaenda mahakamani kuomba hukumu ya kuthibitisha ndoa. Hakimu, kijana mwenye miwani, amechoka, akataka mashahidi wawili wa nikaha. Mmoja, unajua, mlizikwa naye makaburi mamoja. Wa pili yuko ng'ambo Uvira na hakuna aliyetuambia kama anapumua. Kitabu cha sheikh wa zamani kiliungua na nyumba. Akaahirisha. Tukarudi, akaahirisha. Mara ya tatu wanawake wa mtaa wakasema wamechoka kusubiri habari pembeni ya bomba la maji, wakaja wote. Wamejaa benchi, wamejaa ukuta, na mapishi yao kwenye vikapu kwa sababu kusubiri kule ni kwa siku nzima. Hakimu akauliza nani kati yao aliona nikaha. Hakuna. Akauliza basi wamekuja kushuhudia nini.

Bi Mwajuma yule muuza vitumbua akainuka bila kuitwa. "Muheshimiwa, huyu amekaa eda miezi mine na siku kumi. Mi nilimuletea uji. Huyu alimufulia. Yule alimuchotea maji. Nani anakaaka eda ya mutu asiye bwana yake? Raha gani iko mule?"

Hakimu akavua miwani. Nadhani alitaka kucheka, akaona si mahali pake. Akamwuliza Mama Zaina kama ni kweli, na Mama Zaina, ambaye hakuwahi kuongea na serikali maishani mwake, akasema ni kweli, hata siku moja hakuikata. Wakaanza kuitwa mmoja mmoja, wakasema, wakatia dole gumba. Ilichukua mchana wote. Wiki iliyofuata karatasi ikatoka na muhuri.

Leo asubuhi nimeichomoa fishi yako. Shemeji wa Direkta hakuwepo, anaumwa mgongo. Nikakata neno lile kapera kwa mstari mmoja, kama ulivyonifundisha, la chini lionekane. Nikaandika jina la mkeo. Nikaandika watoto sita, mmoja chini ya mwingine, kisanduku hakikutosha nikaendelea nyuma. Tarehe, sahihi yangu. Umejaziwa, Mzee, na mwenzako. Dakika tano, niliangalia saa.

Pensheni bado. Yule wa dirishani amepokea karatasi, amesema turudi. Nakuahidi nitarudi, na akisema turudi tena nitarudi na Bi Mwajuma na vikapu vyake, tukae naye.

Na ahadi nyingine. Nilipokuwa narudisha ya kwako, nikaitoa ya kwangu. Inasema sina mtoto. Binti yangu ana miaka mitano, wakati naandika haya yuko hapo uani Mama Zaina anamsuka nywele, na serikali haimjui. Nilikuwa nakusubiri wewe unijazie, na niliona haya kukuomba. Jumatatu nitampelekea yule shemeji, yule yule, nimwambie chukua kalamu, jaza. Ataringa, najua. Aringe, lakini ataandika.

Mungu akupe kivuli huko, mume wa Mama Zaina, baba wa watoto sita. Sijamaliza kukukasirikia.

Mwenzako wa kazi,
Spesioza