Blanketi la Watoto wa Minza

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Ngulyati hatujambo. Babu yako kikohozi kimempungua na choroko tumeshaanika.

Unauliza kwa nini blanketi lako limepinda ulipolipanua. Miaka ile maduka ya Bariadi yalipoanza tena kujaa nyuzi za rangi, nilimfumia mdogo wangu Minza blanketi la mtoto. Nilikuwa nalimalizia nje ya zahanati alipojifungua. Mara mkunga akatoka, akasema, "Kuna wa pili, na amekawia."

Nikaanza kulifumua lote.

Mama akanishika. "Unafanya nini? Huyo hajafika!"

"Atafika, mayu. Hili halitawatosha wawili."

Nikaanza upya, nikihesabu kwa sauti nisisikie kile kimya cha ndani. Ua moja lilichukua vitanzi sita, basi niliongeza sita, kisha sita tena. Sikuongeza viwili hapa na vitatu pale kama ulivyofanya wewe. Nilikuwa nimehesabia maua kumi aliposikika Doto, yule wa pili, akilia. Mama akakaa chini.

Blanketi lilipokwisha, Kulwa na Doto walikuwa wanatambaa.

Ni mimi bibi yako, Ng'washi