Mahali pa Ufuo

Birmingham, Uingereza
Jumapili, mwezi wa Rajabu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakushika miguu yote miwili, hata ule wenye goti bovu. Hujambo lakini? Goti limetulia, au bado linakuamsha kabla ya mwadhini? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Ni uchovu wa kazi, na wa baridi, na wa kuzungumza lugha ya watu kutwa kucha. Athumani mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea. Soma polepole, na yaliyo huko mbele usiyaruke kwa kuona haya. Mama ndiye aliyeyaanza.

Barua yenu nimeipata. Mmesema ramani ya nyumba yako mpya ya hapo Junda imefika salama, na fundi Kazungu ameitandaza juu ya mkeka akaisifu ilivyopigwa kwa mashine. Kisha, Mama, ukamwandikisha Athumani swali moja tu: "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini mimi nitaoshwa wapi?"

Niliposoma hapo nikakaa kitako. Kazi yangu hapa ni kuwachorea watu majiko kwa kompyuta, makabati kutoka ukuta hadi ukuta kwa mtu ambaye chakula chake chote hutoka kwenye pakiti. Nimechora majiko hayo mpaka nayaota. Na wewe, mwosha maiti wa mtaa mzima, nimekuchorea nyumba ya vigae kila chumba, isiyo na mahali pa kuchimba ufuo. Kwenye nyumba yetu ya udongo jambo lilikuwa jepesi: mlifukua sakafu chumbani, maji ya maiti yakaingia shimoni, mkafukia. Vigae havifukuliwi. Sasa naelewa kwa nini uliniletea habari za marehemu Bi Rehema, walivyomtoa kwenye nyumba nzuri aliyojengewa na wanawe wakaenda kumwoshea uwani kwa jirani, watu wameshika shuka pande zote na upepo unazipeperusha. Hukutaka kunisuta. Uliogopa, nami sikuona.

Ngoja nikwambie nilivyohangaika. Ninazo programu mbili za kuchorea nyumba. Ya kwanza ni ya ofisini. Hiyo haikupi kitu bure: kila ukuta uuchore mstari kwa mstari na uutajie unene wake, na ukikosea inakutazama tu. Lakini ukimaliza, fundi hapotei hata inchi moja. Ya pili nimeinunua mwenyewe, imo ndani ya CD. Hii ni karimu kupita kiasi. Ukivuta ukuta unasimama, ukichagua kochi linakaa, halafu unaweza kupita ndani ya nyumba kwenye kioo cha kompyuta kana kwamba unatembea. Ila vipimo vyake ni vya kukisia, na vyumba vyake ni vya kwao. Kuna mpaka chumba cha mbwa, Mama, wallahi. Cha kuoshea maiti hakuna. Na ile ramani niliyowaletea niliichora kwa hii ya pili, kwa uvivu wangu.

Watumiaji wa ile ya kwanza hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika darasa la chuo. Ni wanaume wa tai, na kabla hawajakuuliza jina wanakuuliza unatumia toleo la ngapi. Nikawaeleza shida yangu. Mmoja akasema, "Chumba hicho hakimo katika orodha. Kiandike stoo." Nikamjibu kwamba mama yangu si gunia la mchele. Wakacheka, wakarudi kubishana habari za toleo jipya. Siwalaumu sana, maana mmoja wao alinivuta kando akanionyesha namna ya kuchora sakafu inayoteremka pamoja na mfereji wake, akarudia mara tatu mpaka nikaweza.

Wale wa ile ya pili sijawahi kuwaona nyuso. Tunaunga kompyuta kwenye waya wa simu, tunaandikiana. Wengi ni wastaafu na akina mama wa nyumbani, wanaopeana michoro ya viti na miti kama majirani wanavyopeana chumvi. Nilipouliza, mmoja akadhani nataka pa kuogeshea mbwa, mwingine akaniletea beseni la maua. Nikaona haya, nikataka kuacha. Ndipo akaniandikia bibi mmoja, muuguzi mstaafu. "Nimeosha wengi," akasema. "Usianze na ukuta. Waweke kwanza wanaosimama kuosha, kisha kitanda, ukuta uje mwisho. Kwenu husimama wangapi?"

Mama, sikujua. Mtoto wa mwosha, na sikujua. Ulinibebesha ndoo za maji tangu nina miaka tisa, lakini kila mara uliniambia, "Simama papo hapo mlangoni, Mishi." Nilikuwa nikitua ndoo nje ya pazia, nikingoja. Basi nilifumba macho nikakumbuka nilichokuwa nikikiona chini ya lile pazia. Miguu. Yako, yenye hina iliyofifia, upande wa kichwani. Wawili ubavuni, huyu huku na huyu huku. Na mmoja wa kumimina maji. Wanne.

Ile programu karimu ina sanamu za watu, ila zote zimevaa kiofisi. Nikawasimamisha mabibi wanne wenye mikoba kuzunguka kitanda. Ungewaona ungecheka mpaka leso ikudondoke. Nikawapa nafasi ya kuinama. Kisha nikachukua vipimo, nikachora upya kwa ile ya ofisini, mstari kwa mstari. Mchoro wenyewe umo humu ndani ya bahasha. Ni chumba kando ya uwani, mlango wake haukabili baraza ya wanaume, sakafu ni ya saruji na inateremka hadi kwenye mfereji wenye mifuniko, na maji yanaingia kwenye shimo lake peke yake. Siku nyingine mtafulia nguo humo. Kazungu auchimbe mfereji huo kabla hajamwaga zege.

Nilipomaliza nikatembea ndani ya nyumba yako kwenye kioo, nikafika chumba hicho nikasimama mlangoni. Nikawapa mabibi wale majina. Ubavuni khalati Maimuna na Bi Saada jirani. Wa kumimina maji, mke wa Athumani. Kichwani ndipo unaposimama wewe, na siku hiyo hutakuwa umesimama. "Mwosha huoshwa," ulikuwa ukituambia, nami nilidhani ni maneno tu. Nililia, Mama. Sikuwa na jina la kuweka pale.

Unajua karatasi zangu za kukaa huku hazijatoka, na nikiondoka kabla hazijatoka siruhusiwi kurudi huku tena. Miaka saba nazingojea. Ndizo zilizonizuia baba alipofariki. Sasa basi. Nimewaaga kazini, na mwezi wa Shaabani utanikuta Junda, inshallah. Usinikaripie, wala usidhani naja kungoja ufe. Nakuombea umri mrefu, utuchoshe sote. Naja unifundishe. Sitaki mikono yangu ijifunze siku hiyo.

Nisalimie khalati Maimuna, ndugu yako, mwambie jina lake limo kwenye kompyuta ya Wazungu. Nisalimie wifi yangu, mke wa Athumani, anayekukanda goti. Fundi Kazungu naye mwambieni vipimo vya safari hii si vya kukisia. Na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyenifundisha kusoma, aniombee dua.

Nikishafika, ukiitwa kuosha hapo mtaani, nichukue. Nitabeba ndoo kama zamani. Ila safari hii usiniambie nisimame mlangoni.

Mwanao,
Mishi