Kibandiko Kwenye Picha ya Keza

Jumapili, Kabeza. Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na mapazia nimeyafunga yote. Siku hizi nayafunga hata mchana.

Alhamisi nilikuwa chumbani namnyonyesha Keza. Kuinua macho, ile kamera ndogo tuliyoiweka imwangalie kitandani kwake imenigeukia mimi. Moyo ulinipasuka paa! Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Vestine, dada anayenisaidia kazi.

Nikamvaa Vestine palepale. "Mama Keza, mimi sijagusa. Hiyo kitu iko inaniogopesha," alisema huku analia. Nikamwambia njia ya mwongo ni fupi. Sisi wa Tanga kwa maneno hatujambo. Akakunja nguo zake, akaenda kwa shangazi yake Kicukiro, nami nikajiona mjanja.

Leo fundi wa intaneti amekuja. Kaniuliza kama tuliwahi kubadilisha nywila ya ruta. Tuibadilishe ya nini, nikamjibu, si imeandikwa kwenye kibandiko? Akachungulia simu yake: vifaa kumi na kimoja vimeunganishwa. Vyetu ni vinne! Hata mipangilio ya ruta ilifunguka kwa neno "admin" tu, kama ilivyotoka kiwandani. Kamera nayo vilevile, na huzungushwa kwa simu tu.

Kisha akatazama ukutani.

Pale tumetundika picha ya kwita izina, siku ambayo wageni walikaa hapa sebuleni na kila mmoja akampendekezea mtoto jina. Nimempakata Keza, nimependeza kwelikweli, na juu ya bega langu ipo ruta, kibandiko kinatazama mbele, tarakimu zote zinasomeka. Picha hiyohiyo niliiweka stetasi. Majirani wakanitumia hongera na mioyo.

Sasa nani? Yule baba wa ghorofani anayeniuliza habari, "amakuru" ya hapa kwao, kwa bashasha? Mwenye duka la mkabala, aliyemsifia mtoto wiki nzima? Kuna mtu hapa jirani ameniona kifua wazi, na kesho nitakutana naye getini na atanisalimia vizuri tu.

Nywila zote tumebadilisha. Kamera nimeichomoa, nimeifungia kabatini, na bado napita chumbani kama mwizi.

Lakini kinachonichoma zaidi ni Vestine. Simu yake ni kitochi, hata intaneti haiingii. Katika mtaa huu mzima, yeye ndiye asingeweza.

Ndiye niliyemfukuza.

Na jina la Keza, kati ya majina yote ya siku ile, ni yeye aliyelitoa.

Nimempigia mara tatu, hapokei. Kesho nitambeba mtoto mgongoni hadi Kicukiro, nikaombe msamaha mbele ya shangazi yake. Je, ningekuwa yeye, ningenifungulia mlango?