Miparachichi ya Shamba la Baba

Kaka Fidelis, shikamoo.

Huku Mgeta mvua haikatiki, ila kikohozi cha mama kimepungua. Umeuliza miparachichi uliyotununulia kwa jasho lako la Kanada inaendeleaje. Imezaa mpaka matawi yameinama. Lakini tuliipanda kwenye shamba la baba kwa kuwa lina rutuba, tukajisahau. Matanga yake yalipokwisha, ukoo wake ulilichukua. Desturi yetu unaijua, ardhi ya mwanamume hurudi kwa watoto wa dada zake. Sina nguvu za kugombana. Yakobo, mtoto wa shangazi, hana ubaya. Amenipa kibarua cha kuchuma. Ile picha uliyoisifu, nimebeba tenga limejaa, ilipigwa nikiwa kibaruani kwake.

Mdogo wako,
Bernadeta