Mwenyewe ni Huyo

Baba,

Karakana bado iko pale pale Waithaka, na ile gundi ya sofa bado inaniumiza kichwa. Tangu tukuzike, Njoroge ndiye ameshika usukani. Unamjua mwanao. Kitu cha kwanza alichojinunulia ni kiti cha kuzunguka, na sisi ndio watengenezaji viti! Nilicheka, halafu nikakosa wa kucheka naye.

Unakumbuka wateja matajiri wa Lavington walivyokuwa wakishuka garini na kuuliza, "Mwenyewe ako?" Nawe, vumbi la mbao kichwani, unawaonyesha fundi anayeshughulikia sofa yao: "Mwenyewe ni huyo." Nilidhani ni mzaha wako tu. Walimsalimia kwa mkono, wakamweleza wanachotaka, naye akaitengeneza kama ya sebuleni kwake.

Njoroge yeye hujibu, "Mwenyewe ni mimi. Hao ni watu wa mkono tu." Mbele yao, Baba. Mafundi wakaanza kufanya kazi ya kumaliza siku. Sofa moja ilirudishwa kutoka mtaa wa Jamhuri mshono umeachana, na kila mmoja akasema si yeye. Kisha Wafula, uliyefanya naye kazi tangu nikiwa shule ya msingi, akaniambia amepata mahali pengine. "Hapa siku hizi mimi si mtu, Shiru." Wafula akienda tunafunga, hilo hata Njoroge analijua.

Jana Wafula alikuwa akitia mkasi na nyundo yake kwenye gunia, mama mmoja wa Lavington akaingia na swali lile lile. Njoroge alishafungua mdomo. Nilimtangulia, nikanyoosha mkono kama wewe: "Mwenyewe ni huyo." Nimekukosa sana, Baba.

Wafula aliweka gunia lake chini, akauliza, "Ni sofa ya watu wangapi, mama?" na kuitoa tena tepu ya kupimia.

Jioni nilimwambia Njoroge kwamba hukuwa mpole tu, ulikuwa unafanya biashara. Alinuna, lakini leo asubuhi amemsalimia Wafula kwa jina. Tutafika.

Pumzika sasa. Nakuahidi, wakiuliza mwenyewe, nitawaonyesha fundi. Wakikuulizia wewe ndipo sijui ninyooshe mkono wapi.

Kwaheri, Baba.

Shiru wako