Injini Ngeni Katika Gari la Babu

Yanchao, Kaohsiung,
9 Januari 2011.

Mpendwa Shangazi Su-chu,

Shikamoo. U mzima huko São Paulo? Joto la Januari halikuchoshi?

Sisi hatuumwi, ila tumechoka. Mama husinzia ameshika bakuli la wali. Babu hakumbuki tena siku wala saa. Kila jioni huzunguka nyumba akimuulizia marehemu Bibi, na hatulii mpaka aketi ndani ya gari lake la bluu na injini iwashwe.

Injini hiyo ilikufa mwezi uliopita. Gasketi ya kuzibia kichwa chake iliungua. Baba alisema isipowaka kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, mwezi ujao, atawaita watu wa vyuma chakavu. Simlaumu. Kuvutana na Babu kila jioni kumemmaliza.

Fundi Lai alileta gasketi, haikukaa. Akaleta nyingine, nayo ikakataa. "Bwana Tu, gari hili lilibadilishiwa moyo hospitali gani?" alimtania Baba. Kadi ya gari inataja injini nyingine kabisa.

Shuleni tulifundishwa kunakili maandishi ya mawe ya hekalu kwa kuweka karatasi juu na kusugua kwa penseli. Basi nilisugua ubavu wa injini kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, nikaweka karatasi, namba ikajitokeza. Fundi Lai akavaa miwani. "We binti! Hii ni ya kigari cha mizigo!"

Baba aliisogelea injini. Kisha akasema, "Kigari cha mizigo tulikuwa nacho kimoja tu." Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Mpini wake, chini ya masizi, umezungushiwa kamba nyekundu ya plastiki, ile ya Bibi ya kufungia mapera ya kuuza sokoni.

Shangazi, najua uliondoka ukiamini Babu alikiuza kigari cha Bibi mara tu baada ya mazishi, na kwamba ndiyo sababu hujarudi. Aliuza bodi tu. Injini aliihamishia kwenye gari lake, asimwambie mtu.

Gasketi ya kweli ilipatikana. Fundi aliipima injini yote: haijapasuka popote, silinda tatu zina nguvu, ya nne dhaifu. "Imechoka, lakini haijafa," alisema. Mama akajibu, "Basi ni ya nyumba hii."

Jana jioni iliwaka. Babu alikuwa akigombana na Baba mlangoni. Akasimama kusikiliza. "Pokeeni vikapu, mama yenu amerudi sokoni." Akaketi, ametulia, na Mama akalala kitandani kama watu wengine.

Naiweka karatasi yenye namba humu ndani. Msalimie sana binamu Kuan-ting, na umwambie Baba anamkumbuka. Mbingu zikulinde, nawe upate usingizi mwema.

Babu aliniuliza jambo moja zaidi: "Su-chu amekaa kule nyuma kwenye kigari?" Nikamjibu yuko njiani. Sijazoea kusema uongo, Shangazi. Njoo Aprili, wakati wa kusafisha makaburi ya wazee wetu.

Akupendaye na kukusubiri,
Yi-chen